Kuhamisha programu ya mikopo kutoka Visual Basic 6 kwenda Python bila kupoteza shilingi ya mtu

Mhasibu wa chama alinikabidhi karatasi mbili bila kusema neno. Moja ilitoka kwenye printa yao ya zamani, ile ya utepe, na sehemu ya riba ya mwezi imeandikwa 1,251. Nyingine ilitoka kwenye programu niliyokuwa nimeimaliza wiki hiyo: mwanachama yuleyule, mwezi uleule, 1,250.

“Mwanangu, hii shilingi imekwenda wapi?”

Nikamwambia, Mama, ni shilingi moja tu. Hakukasirika. Akanieleza kwamba huyu ni mwalimu mstaafu anayetunza karatasi zake zote kwenye bahasha ya kaki tangu alipojiunga. Akija dirishani na ile ya zamani hatauliza habari za lugha ya kompyuta. Atauliza kwa nini hesabu zimebadilika na nani amezibadilisha. Nikarudi kukaa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: chama cha akiba na mikopo cha walimu, hapa Tanga, kilikuwa na programu iliyoandikwa kwa lugha ya Visual Basic 6, data zake zimo kwenye faili la Access, programu ya Microsoft ya kutunzia data. Visual Basic 6 ilitoka mwaka 1998, na Microsoft iliacha kuzihudumia zana zake za kuandikia programu mwezi Aprili 2008. Programu zilizoandikwa nayo bado zinawaka kwenye Windows za leo, ndiyo maana ofisi nyingi bado zinazo. Chama kilitaka matawi yatumie data moja, nami nikachagua lugha ya Python. Aliyeandika ya zamani alishaondoka na hakuacha maelezo yoyote.

Ninaandika hapa njia niliyopita, na makosa niliyofanya yamo humo, ili mwenye kazi ya namna hii asianze gizani. Wewe huenda unatoka PHP kwenda Java, au COBOL kwenda C#. Majina yatabadilika, mitego mingi ni ileile.

Usiandike chochote bado

Kosa langu la kwanza ni kwamba nilifungua msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, siku ya kwanza na kuanza kuutafsiri mstari kwa mstari. Wiki tatu baadaye nilikuwa na programu nzuri kuitazama, lakini sina namna ya kujua kama ni sahihi. Anza na programu ya zamani. Iwashe mbele yako, kwenye kompyuta unayoweza kuichezea bila kumkwamisha mtu kazini, na uhakikishe inafanya kila inachofanya ofisini.

Nakili kila kitu: mafaili ya msimbo, faili la data, mafaili ya ripoti, na hata mipangilio ya nchi kwenye Windows. Hiyo ya mwisho wengi huisahau. Visual Basic ikisoma maandishi “03/04/2005” na kuyageuza tarehe, hufuata mipangilio ya kompyuta ile: hapa ni tarehe 3 Aprili, kwenye kompyuta iliyopangwa Kimarekani ni tarehe 4 Machi. Lakini tarehe iliyoandikwa ndani ya msimbo kati ya alama mbili za reli, kama #3/4/2005#, siku zote huanza na mwezi, popote ulipo. Programu moja inaweza kuwa na mitindo yote miwili, ukurasa huohuo. Piga picha ya mipangilio hiyo na uitunze.

Kisha hakikisha msimbo ulionao ndio uliozaa programu inayotumika. Mimi nilipewa flashi yenye msimbo ambao kiwango cha faini ni asilimia 2, wakati ofisini watu walikuwa wanatozwa 3. Mtu alibadilisha, akatengeneza programu, na msimbo wa mwisho akaenda nao. Jenga programu upya kutoka kwenye msimbo uliopewa, iendeshe kwa data ileile, linganisha na ile ya ofisini. Nilipata tofauti mbili, zote za viwango, na nikazirekebisha kwenye msimbo wa zamani kwanza. Usipofanya hivyo utatafsiri kwa uaminifu kabisa kitu ambacho hakuna anayekitumia.

Sasa kusanya ushahidi. Chama kilikuwa na tabia njema ya kunakili faili la data kabla ya kubonyeza kitufe cha “Funga Mwezi” na baada yake. Nikachukua nakala hizo, mwezi baada ya mwezi, nikaziendesha kwenye programu ya zamani na kutoa matokeo kwenye faili la maandishi la kawaida: namba ya mwanachama, salio la mwanzo, riba, faini, rejesho, salio la mwisho. Mstari mmoja kwa kila mkopo. Mafaili hayo niliyafunga yasiweze kubadilishwa, hata na mimi mwenyewe.

Halafu ongeza wanachama wa kubuni, wale ambao maisha ya kawaida huwaleta mara chache: aliyekopa tarehe 31, aliyelipa kabla ya siku yake, aliyelipa zaidi ya anachodaiwa, mwenye salio sifuri, aliyekopa tarehe 29 Februari 2008. Waingize kwenye programu ya zamani kwa mkono, funga mwezi, hifadhi jibu. Hawa ndio walionionyesha makosa mengi kuliko wanachama wote wa kweli.

Soma kwa kalamu

Nilichapisha msimbo wote, nikanunua daftari la kaunta, na kwa kila fanksheni, yaani kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake, nikaandika mambo manne: inapokea nini, inarudisha nini, inagusa jedwali gani, na inabadilisha nini pembeni bila kuaga. Hilo la nne ndilo la kulipia muda. Fanksheni iliyoitwa TafutaMwanachama ilikuwa pia inaandika tarehe ya leo kwenye safu ya “mara ya mwisho kuonekana”, na ripoti ya wanachama waliolala ilitegemea safu hiyo. Ungetafsiri jina lake tu, ripoti ingekufa kimyakimya.

Kata mstari juu ya kila kisichotumika, lakini ukae na mtumiaji kwanza. Kulikuwa na fomu ya mikopo ya pembejeo ambayo Mama mhasibu alisema haijaguswa miaka mingi, niliiacha. Kulikuwa na nyingine ambayo nami niliiona imekufa, akanizuia: ni ya gawio, huamka mara moja tu kwa mwaka.

Namba, ambapo ndipo pesa ilipo

Visual Basic 6 ina aina ya kigeu (jina linalobeba thamani ndani ya programu) iitwayo Currency. Ndani yake ni namba nzima ya biti 64 iliyozidishwa kwa 10,000, kwa hiyo hubeba tarakimu nne kamili baada ya nukta ya desimali. Ukiipeleka kwenye namba za kawaida za nukta za Python, umeshakosea kabla ya kuanza. Andika 0.1 + 0.2 kwenye Python uone: jibu ni 0.30000000000000004. Pesa iende kwenye Decimal, aina ya Python ya namba za desimali kamili, na Decimal iundwe kutokana na maandishi, Decimal("0.1"), kamwe si Decimal(0.1), maana hiyo ya pili hubeba uchafu uleule ndani yake.

Sasa turudi kwenye shilingi ya mwalimu. Salio lake lilikuwa 125,050 na riba asilimia 1 kwa mwezi, yaani 1,250.50. Nusu kamili. Darasani tulifundishwa kuwa nusu hupanda juu. Round, fanksheni ya Visual Basic ya kukadiria namba, haifanyi hivyo: nusu kamili huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu. 1,250.5 inakuwa 1,250, na 1,251.5 inakuwa 1,252. Huu ni mtindo wa mabenki, na una maana yake, kwa kuwa nusu nyingi zikikusanywa hazielemei upande mmoja. Python 3 nayo hufanya hivyohivyo, kwa hiyo nilijiona niko salama.

Ila programu ya zamani haikuchapisha matokeo ya Round. Kwenye leja ilihifadhi Round, na kwenye karatasi ya mwanachama ilichapisha kwa Format, fanksheni ya kupanga namba kwa kuchapishwa, na Format hupandisha nusu juu kama tulivyofundishwa darasani. Lugha moja, programu moja, mitindo miwili ya kukadiria. Leja 1,250, karatasi 1,251. Nilipomweleza Mama mhasibu, alifungua daftari lake na kunionyesha safu aliyoipa jina “tofauti ya senti”, ambayo amekuwa akiisawazisha kwa mkono kila mwisho wa mwaka bila kujua inatoka wapi. Tuliitazama ile safu kwa muda, wote wawili.

Dawa yake ni kuandika fanksheni ndogo zinazobeba tabia ya lugha ya zamani kwa jina lake:

```
from decimal import Decimal, ROUND_HALF_EVEN, ROUND_HALF_UP

def round_vb(x, tarakimu=0):
    kipimo = Decimal(1).scaleb(-tarakimu)
    return x.quantize(kipimo, rounding=ROUND_HALF_EVEN)

def format_vb(x):
    return f"{x.quantize(Decimal(1), rounding=ROUND_HALF_UP):,}"
```

Kila penye Round kwenye msimbo wa zamani niliandika round_vb, kila penye Format niliandika format_vb. Yeyote atakayesoma baadaye ataona mara moja kwamba hapa kuna tabia iliyorithiwa.

Kugawanya kwa namba nzima kulinitoa jasho zaidi. Faini ilihesabiwa kwa kila siku 30 za kuchelewa: siku zilizochelewa \ 30, halafu mara asilimia 3 ya rejesho. Mkwaju huo uliolala kinyume ndio mgawanyo wa namba nzima wa Visual Basic. Mimi nikaandika // ya Python na kuendelea na safari. Mwanachama wa kubuni aliyelipa siku 7 kabla ya wakati, rejesho lake shilingi 85,000, akapewa faini ya hasi 2,550. Yaani chama kilikuwa kinamlipa.

Sababu ni hii: siku zake za kuchelewa ni -7. Visual Basic ikigawanya -7 kwa 30 hukata kuelekea sifuri, jibu 0. Python hushuka kuelekea chini, jibu -1. Na baki hufuata mkondo huohuo: -7 Mod 30 kwenye Visual Basic ni -7, wakati -7 % 30 kwenye Python ni 23. Kwa namba chanya lugha hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Hasi ikiingia tu, wanaachana njia. C na Java hukata kuelekea sifuri kama Visual Basic, kwa hiyo ukitoka huko kwenda Python mtego huu ni wako pia.

```
def gawa_vb(a, b):
    q = abs(a) // abs(b)
    return q if (a < 0) == (b < 0) else -q

def baki_vb(a, b):
    return a - b * gawa_vb(a, b)
```

Jambo lingine dogo hapohapo: mkwaju ule wa kinyume hukadiria pande zote mbili ziwe namba nzima kabla ya kugawanya. 29.6 \ 30 ni 1, kwa sababu 29.6 imeshageuka 30. Kama vigeu vyako vinaweza kuwa na desimali, vipitishe kwenye round_vb kwanza.

Nilipoweka gawa_vb, matokeo yakalingana. Ndipo nikaona kitu kingine: aliyelipa siku 37 kabla ya wakati, hata programu ya zamani ilimpa -1, na hivyo faini ya hasi. Hilo lilikuwa kosa la zamani la kweli, na lilikuwa limewagusa watu. Sikulirekebisha. Nililiandika kwenye kurasa za nyuma za daftari na kuliacha litafsiriwe lilivyo. Nitalirudia.

Tarehe

DateDiff, fanksheni ya Visual Basic ya tofauti ya tarehe, ukiiuliza miezi haipimi urefu wa mwezi. Huhesabu ni mara ngapi kalenda imegeuka. Kutoka tarehe 31 Januari hadi tarehe 1 Februari, siku moja tu, DateDiff hujibu mwezi 1. Nilidhani nimepata kosa. Nikamuuliza Mama, akasema kwa utulivu kabisa: “Ndiyo, mwezi ukigeuka riba imeingia. Imo kwenye masharti ya mkopo.” Kwa hiyo ni utaratibu wa chama, na kwenye Python unakuwa hesabu rahisi ya tofauti ya miaka mara 12 kujumlisha tofauti ya miezi, siku zisiguswe kabisa.

Kuongeza mwezi kuna shida nyingine. DateAdd, fanksheni ya kuongeza muda kwenye tarehe, ikiongeza mwezi mmoja kwenye 31 Januari 2005 hurudi na 28 Februari. Programu ya zamani ilikuwa inakokotoa tarehe ya rejesho lijalo kutoka kwenye rejesho lililopita, kwa hiyo baada ya Februari mkopo wote ulihamia tarehe 28: 28 Machi, 28 Aprili. Ukikokotoa kutoka tarehe ya mwanzo utapata 31 Machi, jibu zuri zaidi, na kila mwanachama wa namna hiyo ataonekana amechelewa au amewahi kwa siku tatu. Fuata mnyororo uleule wa zamani. Moduli ya datetime ya Python haina kuongeza miezi, na ukijaribu kubadilisha mwezi tu kwenye tarehe 31, kama mwezi huo hauna siku ya 31 itakataa kwa kosa. Mimi nilitumia hii:

```
import calendar
from datetime import date

def ongeza_miezi(t, n):
    m = t.month - 1 + n
    mwaka, mwezi = t.year + m // 12, m % 12 + 1
    siku = min(t.day, calendar.monthrange(mwaka, mwezi)[1])
    return date(mwaka, mwezi, siku)
```

Angalia kuwa hapa // na % za Python zimeachwa makusudi. Ukirudi nyuma miezi kadhaa, kushuka chini ndiko kunakotakiwa.

Na miaka ya tarakimu mbili. Kwenye fomu za zamani tarehe za kuzaliwa ziliingizwa kama 12/05/45. Visual Basic husoma 30 hadi 99 kuwa miaka ya 1900, na 00 hadi 29 kuwa ya 2000. Python, ukitumia %y, huweka mpaka wake kwingine: 69 hadi 99 ni ya 1900, na 00 hadi 68 ni ya 2000. Mwalimu aliyezaliwa 1945 akawa atazaliwa 2045. Wastaafu wote walikuwa upande huo wa mpaka.

On Error Resume Next

Hii ni amri inayoiambia Visual Basic: ukikutana na kosa, ruka mstari huo, endelea na unaofuata. Nilipoiona mara ya kwanza niliibadilisha kuwa try na except iliyo tupu, njia ya Python ya kunasa kosa. Haiko sawa hata kidogo. Kwenye Python kosa likitokea ndani ya try, mistari yote iliyobaki humo inaachwa. Kwenye Visual Basic unaachwa mstari mmoja tu, na iliyobaki inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Zaidi ya hapo, kosa likitokea kwenye sharti la If, mstari unaofuata ni ule ulio ndani ya If, kwa hiyo mlango unafunguka kana kwamba sharti limetimia.

Usitafsiri amri hii kwa ujumla. Pita kila mstari ulio chini yake na jiulize: huu unaweza kushindwa vipi, na ukishindwa vigeu vinabaki na nini? Nilipofika kwenye risiti nikakuta hivi:

```
On Error Resume Next
NambaRisiti = NambaRisiti + 1
```

NambaRisiti ilikuwa ya aina ya Integer, ambayo kwenye Visual Basic 6 ni biti 16 na haivuki 32,767. Ikifika hapo, kuongeza moja ni kosa, mstari unarukwa, kigeu kinabaki kilivyokuwa. Nikainuka kwenda kabatini. Nikatoa jalada la kwanza, la pili, la tatu. Kuanzia siku moja ya Machi, kila risiti iliyotolewa na chama ilikuwa na namba 32767. Kila moja. Watumishi walikuwa wameliona hilo, wakaanza kuandika namba ya ziada pembeni kwa kalamu nyekundu, na maisha yakaendelea.

Namba hiyohiyo ndiyo iliyoangusha roketi. Tarehe 4 Juni 1996 huko Kourou, Guiana ya Ufaransa, Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza ikiwa na sehemu ya programu iliyochukuliwa kutoka Ariane 4. Namba ya nukta ya biti 64, iliyohusu mwendo wa kwenda pembeni, ilitakiwa kuingia kwenye namba nzima ya biti 16. Kwa Ariane 4 ilitosha siku zote. Ariane 5 ilikwenda kwa kasi zaidi, namba haikutosha, na roketi ikaharibika kabla dakika moja haijaisha. Msimbo ulikuwa uleule uliofanya kazi miaka yote. Kilichobadilika ni kilichopitishwa ndani yake. Kwa hiyo andika kwenye daftari ukomo wa kila kigeu: Integer, Long, urefu wa maandishi. Namba nzima za Python hazina ukomo huo, lakini ukienda Java zina ukomo, na Java haitapiga kelele; itageuka hasi na kuendelea.

Mengine, kwa kifupi

Mzunguko wa kurudia wa Visual Basic, For i = 1 To 12, unafika 12; range(1, 12) ya Python inaishia 11, kwa hiyo andika range(1, 13). Na ukitoka nje ya mzunguko, i ya Visual Basic ni 13, ya Python kwa range(1, 13) ni 12. Kama msimbo unaitumia i baada ya mzunguko, na wa kwangu ulikuwa unaitumia, hapo pana kosa la mwezi mzima. Dim a(10) ni nafasi 11, kuanzia 0 hadi 10.

Vigeu vinavyopitishwa kwenye fanksheni ya Visual Basic 6 hubadilishwa kwa mwitaji pia, isipokuwa paandikwe ByVal. PunguzaSalio(Salio, Malipo) ilikuwa inapunguza Salio la aliyeiita. Kwenye Python fanksheni irudishe salio jipya, na aliyeita alipokee.

And ya Visual Basic 6 hutazama pande zote mbili hata kama wa kwanza umeshakataa. Kama upande wa pili unaita fanksheni inayoandika kitu, uite nje ya sharti. Access haitofautishi herufi kubwa na ndogo inapolinganisha: m-014 na M-014 kwake ni mtu mmoja, kwa Python ni wawili. Geuza zote kuwa kubwa wakati wa kuingiza, na ondoa nafasi tupu za mwisho.

Sasa andika, na uandike vibaya

Anza na fanksheni zisizoita nyingine, panda kwenda juu. Tunza majina ya zamani hata kama yanakuudhi, tunza mpangilio, tunza hata zile If sita zilizopandana. Kila fanksheni ya Python iwe na ndugu yake wa Visual Basic unayeweza kumwekea kidole. Najua mkono unawasha. Unaona mistari 40 ambayo ungeiandika kwa minne. Iache. Ukitafsiri na kusafisha kwa mpigo mmoja, siku matokeo yakitofautiana hutajua ni tafsiri au ni usafi.

Zana za kutafsiri zenyewe zipo, na si za jana. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuna f2c inayogeuza Fortran 77 kuwa C, na Python ilikuja na 2to3 ya kuwatoa watu toleo la 2. Leo miundo ya lugha ya akili bandia itakuandikia ukurasa mzima kabla hujanyanyua kikombe. Nilizitumia kwa fanksheni ndefu za ripoti, na zilinipunguzia kuchapa. Lakini nilipozipa mstari wa faini zilinirudishia // ileile niliyoikosea mimi. Chochote kinachotoka huko kipite kwenye mafaili ya ushahidi kama cha binadamu.

Kulinganisha kufanywe na programu, si macho. Yangu ilisoma faili la zamani na jipya, mkopo kwa mkopo, safu kwa safu, na kuandika kila tofauti kwa thamani zote mbili. Usiweke uvumilivu wa senti. Ukisema tofauti chini ya shilingi moja ipuuzwe, umeshamfuta mwalimu wa bahasha. Endesha baada ya kila fanksheni mpya. Orodha ya tofauti ikiwa ndefu usiogope: zipange kwa ukubwa, na mara nyingi utakuta mistari mia ina sababu moja.

Kila tofauti iishie sehemu moja kati ya mbili: umekosea, rekebisha, au ya zamani ilikosea, iandike daftarini na uige kosa hilo kwa sasa. Nilipata makosa ya zamani saba. Niliyapeleka kwenye kikao cha bodi kwa Kiswahili cha kawaida: hiki ndicho kinachotokea, huyu ndiye anayeguswa, hii ndiyo pesa. Faini za hasi bodi iliamua waliopewa wabaki nazo na utaratibu urekebishwe kuanzia mwezi wa kwanza wa programu mpya. Kuhusu shilingi, waliamua karatasi na leja zifuate mtindo mmoja, nusu ipande juu, na tangazo likabandikwa dirishani wiki mbili kabla. Risiti zilianza upya kutoka 40,001. Kwenye msimbo kila uamuzi niliuandika mahali pake pamoja na tarehe ya kikao. Si kazi ya mtafsiri kuamua nani adaiwe nini.

Baada ya hapo ndipo nilipozikunja zile If sita, na kila nilipokunja niliendesha ulinganisho tena.

Miezi mitatu tuliendesha programu mbili kwa pamoja. Mama alifunga mwezi kwenye ya zamani, nami kwenye mpya, na jioni tukafungua faili la tofauti. Mwezi wa kwanza lilikuwa na mistari 4, yote ya mkopo mmoja ulioingizwa mara mbili kwenye ile mpya. Mwezi wa pili lilikuwa tupu. Wa tatu lilikuwa tupu, na yeye mwenyewe akalifungua mara ya pili kuhakikisha. Kompyuta ya zamani hatukuitupa. Ipo kwenye kabati la majalada, imefunikwa kitambaa, na mara moja kila miezi mitatu tunaiwasha kuona kama bado inaamka, maana mwanachama yeyote anaweza kuja na karatasi ya zamani na kutaka kuona ilivyohesabiwa.